Florence ni jina la mji ama la mtu? Dani yangu alikuwa Fulorensi na nataka nimpe mtoto

Jakisumo

Wadau habari zenu. Hii posti ni ndefu, naomba mnivumilie juu hili jambo limenikaa moyoni na hapa nyumbani tumeliongea mpaka tukaanza kukasirikiana.

Tulipata mtoto msichana wiki mbili na nusu zilizopita hapa Kisumu. Dani yangu, yaani mama mzaa baba, alituacha mwaka jana mwezi wa kumi tukamzika nyumbani Seme. Yeye ndiye alinilea kutoka nikiwa darasa la pili. Sasa huyu mtoto tangu tutoke hospitali alikuwa analia usiku, na si kilio cha njaa, amenyonya, amebadilishwa, hana joto, na bado analia tu mpaka majogoo. Waya yangu, yaani shangazi, akakuja kutuona, akakaa naye kidogo akasema huyu anatafuta jina. Wajaluo wenzangu mnaijua hii, mtoto akilia hivyo anatajiwa majina ya watu wa boma waliotangulia, lile litakalomnyamazisha ndilo lake, nying juogi. Waya akamweka begani akaanza kutaja polepole. Awuor, analia. Akataja jina la mama yake kwara (babu yangu), kilio kikazidi. Akataja Fulorensi. Mtoto akashusha pumzi ile ndefu ya mtu aliyetua mzigo, akanyamaza, akalala mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Mimi ni mtu wa kanisa na sitabishana na mwenye kusema ni usingizi ulimshika, lakini nilikuwa hapo na niliona.

Nikasema basi, ni Florence. Mke wangu ni wa Maragoli, yeye hakuwa na neno. Shida ikaanza kwa shemeji yangu, kaka yake. Alikuja kuona mtoto na zawadi ya sukari na sabuni, tukala vizuri, alafu aliposikia jina akaweka kikombe chini. Akaniuliza, "Sasa shemeji, utampaje mtoto wetu jina la mji wa Waitaliano? Na ni hilo hilo wakoloni walibandika Kisumu yenu." Nilikosa jibu. Nilijua tu ni jina la dani.

Tangu siku hio nimekuwa nikisoma usiku mtoto akilala. Na ni kweli. Florence ni mji Italia. Warumi ndio waliuanzisha, inasemekana ni mwaka wa 59 kabla ya Kristo wakati wa Julius Caesar, wakauita Florentia, neno linalotokana na kuchanua, kama shamba lililokubali. Waitaliano wa leo hata hawasemi Florence, wanasema Firenze.

Na ni kweli pia kwamba Kisumu iliitwa Port Florence. Reli ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899, Nakuru 1900, na hapa ziwani ikafika tarehe 20 Desemba 1901. Siku hio ya mwisho, aliyepewa nyundo apige msumari wa mwisho ni mama mmoja anaitwa Florence Preston, bwanake Ronald Preston ndiye alikuwa anasimamia watandikaji wa reli. Huyu mama alikuwa ameandamana na hio kazi njia yote, akiishi kwenye hema, kutoka pwani mpaka kwa maji yetu. Ndio bandari ikaitwa jina lake. Na wakati huo huku kwetu kulikuwa kunahesabiwa ni Uganda bado, ndio maana ikaitwa Reli ya Uganda, mpaka 1902 ndio mpaka ulisogezwa tukaingia upande wa Kenya.

Kwa hivyo hili jina lilianza likiwa mji, likawa mtu, likarudi likawa mji hapa hapa tunaponunulia samaki, alafu likaingia kwa dani yangu akiwa msichana wa miguu tupu. Hio safari imenishika sana. Nauliza mambo mawili. Kwanza, jina la mahali linageukaje kuwa jina la mtu? Pili, huko kwenu mko na majina kama hayo, na mnaonaje nikimpa mtoto hili?

BintiMumias

Hongera sana Jakisumo, Mungu amkuze. Poleni pia kwa dani. Mimi kukhu (nyanya) wangu alikuwa Florence, jirani yetu Florence, mwalimu wangu wa darasa la tatu Florence, mama wa kwaya Florence. Nikikaa nikahesabu wanawake wa umri wa mama yangu na zaidi kule kwetu sijui kama kuna jina linalishinda hili, labda Rose. Lakini watoto wadogo wa siku hizi wenye hilo jina ni wachache sana kanisani kwetu. Nani alilileta kwa wingi hivyo? Mji wa Italia hakuna mtu wa Mumias alikuwa amewahi kuuona.

NesiWaUsiku

Hapo kwa swali la BintiMumias niko na jibu na nimefurahi limeulizwa. Ni nesi. Ni Florence Nightingale.

Huyu mama wazazi wake walikuwa Waingereza wenye mali, wakaoana wakaenda kutembea Italia muda mrefu. Yeye akazaliwa huko mjini Florence tarehe 12 Mei 1820, wakampa jina la mji aliozaliwa. Na si yeye tu. Dada yake mkubwa alizaliwa Naples mwaka mmoja kabla yake, na huyo akapewa Parthenope, ambalo ni jina la kale la Kigiriki la mahali hapo pa Naples. Kwa hivyo ilikuwa ni tabia ya nyumba yao, mtoto anapewa mahali alipoangukia, vile Mjaluo akizaliwa njiani anaitwa Oyoo.

Wakati anazaliwa, Florence halikuwa jina la kawaida la wasichana huko Uingereza. Ukirudi nyuma kabisa hata wanaume walikuwa nalo, kuna mtawa alikufa 1118 anaitwa Florence wa Worcester, na Ireland kulikuwa na wanaume wakubwa wa koo wenye hilo jina. Alafu vita vya Crimea vikaja. Mwezi wa kumi na moja 1854 Nightingale alifika Scutari, hapo ng'ambo ya Istanbul, na wauguzi 38. Wanajeshi walikuwa wanakufa kwa uchafu, kipindupindu na homa kuliko kwa risasi. Alikuwa anazunguka wodi usiku na taa. Magazeti yakaandika, watu wakalia, na wazazi wakaanza kupatia wasichana wao hilo jina kwa maelfu. Miaka ya 1890 huko Marekani lilikuwa kati ya majina kumi ya juu ya wasichana. Na ni wakati huo huo wamishonari wanapanga mizigo kuja Afrika. Wamekuja na dada zao wakiitwa Florence, mama zao wadogo Florence, na mtoto wa Kijaluo ama wa Kiluhya akisimama mbele ya maji ya ubatizo anatafutiwa jina kutoka kwa hayo wanayoyajua.

Mimi siku nilipomaliza chuo tulisimama tumewasha mishumaa gizani tukasoma kiapo chenye jina la huyo mama. Na 12 Mei kila mwaka, siku yake ya kuzaliwa, ndiyo siku ya wauguzi dunia nzima. Kwa hivyo ukiniuliza mimi, mtoto wako hapewi mji. Anapewa taa.

Omwami_Shinyalu

Hongera ndugu kwa mtoto, lakini acha niseme upande wa shemeji yako juu naona wote mnaelekea njia moja.

Port Florence ni mfano mbaya. Watu walikuwa hapo kabla ya nyundo. Pahali palikuwa na jina, na jina lenyewe lina maana nzuri kuliko la huyo mama. Kisumu inatokana na kisuma, mahali pa kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana wakati wa njaa. Sisi Waluhya tuko na khusuma, ni hio hio, unabeba ulicho nacho unaenda kwa jirani aliyevuna unarudi na nafaka. Wajaluo na Waluhya na Wanandi walikuwa wanakutana hapo. Hio ndiyo historia ya pale, ni watu walikuwa wanalishana. Mtu akaja na reli akafuta yote akaandika jina la mke wa bosi. Na hata wao wenyewe hawaelewani ni mke gani, wengine wanasema ni wa Preston, wengine wanasema ni wa Whitehouse aliyekuwa injinia mkuu, naye pia aliitwa Florence.

Ziwa nalo hivyo hivyo. Lilikuwa Nam Lolwe, Mwingereza Speke akalifikia 1858 akaliita Victoria, jina la malkia wake. Na hio reli, vibarua walioletwa kutoka India walikuwa karibu elfu 32, na kama elfu 2 na mia tano walikufa kwenye hio kazi. Hakuna stesheni hata moja iliyopewa jina la kibarua kutoka Punjab. Walimpa mtu aliyepiga msumari mmoja.

Sina ubaya na dani yako. Lakini tunapopatia watoto wetu haya majina tuwe tunajua yalipitia wapi.

Jakisumo

Omwami, asante, na nimeisoma mara mbili. Juu ya vibarua umesema ukweli na sina la kuongeza. Na nashukuru kwa kisuma, juu nilikuwa nataka kuiandika nikasahau. Dani mwenyewe alikuwa analitumia hilo neno. Njaa ikiingia alikuwa anasema anaenda kisuma, anabeba samaki wakavu kwa kikapu anapanda upande wa Maseno kwa Wanyore anarudi na mtama na ndizi. Hio alikuwa anafanya mpaka mimi nikiwa na akili.

Nitakachosema ni hiki. Jumamosi nilienda bandarini. Nilipanda boda kutoka Kondele nikashuka karibu na stesheni nikatembea. Nilikuwa natafuta tu kuona pale reli inapoishia. Kuna mahali vyuma vimezama kwa nyasi na vimekula kutu mpaka vimekuwa rangi ya udongo, kunguru wanatembea juu yake, na mbele kidogo ni maji na magugu. Kulikuwa na mama anauza omena ameanika kwa gunia. Nikamuuliza kama anajua hapa paliitwa Port Florence, akasema anajua hospitali ya hilo jina tu. Basi. Jina ambalo lilitoka kwa ofisi, na ramani, na mihuri, halikukaa hata miaka mingi, Kisumu ikabaki Kisumu. Lakini Fulorensi ya dani imekaa. Haikuletwa na reli, ililetwa na mwalimu wa dini aliyekuja kwa mguu kutoka Maseno na kitabu kwapani. Mimi naona ni majina mawili tofauti yanayofanana kwa maandishi.

MwanaWaVihiga

Shemeji yako wa Maragoli ni mtu wa kwetu, mwambie afungue Biblia yake kabla hajakataa majina ya mahali, juu nusu ya kanisa letu wameitwa mahali na hawajui.

Sharon. Nani hana Sharon kwao? Sharon ni uwanda, ni sehemu tambarare kando ya bahari huko Israeli. Watu wengi hawaoni hilo juu kwa Wimbo Ulio Bora Biblia ya Kiswahili inasema ua la uwandani na Kiingereza kinasema waridi la Sharon, lakini ukienda Isaya unalikuta jina lenyewe. Magdalena, ama Makdalina vile wazee wanaita, ni Mariamu wa Magdala, mji wa wavuvi kando ya ziwa la Galilaya, kwa hivyo kila Makdalina wa Kisumu ni binti wa mji wa wavuvi na hapo naona amefika nyumbani kabisa. Lidia, yule muuza zambarau kwa Matendo, Lidia ilikuwa nchi nzima huko Asia Ndogo na mji wake wa Thiatira ulikuwa ndani ya hio nchi. Jordan ni mto. Bethel, Eden, Israel, yote ni mahali, na niko na binamu wa kila moja hapo isipokuwa Bethel.

Kwa hivyo swali si kama jina la mahali linafaa kuwa jina la mtu. Tumeshafanya hivyo tangu injili ifike. Kaimosi wamishonari walifika 1902, tuhesabu kutoka hapo.

WaSection58

Nimeingia kutoka Nakuru, uzi mzuri sana huu.

Huku kwetu kwa Wakikuyu majina yanarudi kwa babu na nyanya kwa mpango, msichana wa kwanza ni wa mama ya baba, wa pili ni wa mama ya mama, kwa hivyo jina likishaingia kwa ukoo halitoki, linazunguka tu. Na kuna moja la mahali ndani yake watu wengi hawalifikirii. Nyokabi. Ukabi ni Umaasaini, Nyokabi ni wa huko kwa Wamaasai. Kuna mwanamke fulani zamani alitoka huko ama alihusiana na huko, akaitwa hivyo, alafu wajukuu wake wakaanza kulibeba, na leo Nyokabi wamejaa Nakuru ambao hawajui neno moja la Kimaasai. Nakuru yenyewe ni neno la Kimaasai, mahali pa vumbi, na upepo wa Januari ukivuma hapa Section 58 unaelewa walikuwa wanasema nini.

Na guka (babu) yangu aliitwa Bama. Alikuwa kwenye King's African Rifles, jeshi la mkoloni, walipelekwa Burma 1944 kupigana na Wajapani kwa mvua na matope. Aliporudi watu wakaanza kumwita Burma, ikageuka Bama, mpaka kwa jeneza waliandika Bama kwa mabano. Sasa kaka yangu mdogo ndiye Bama. Hajawahi kufika Burma, lakini tukimwita tunamwona guka na koti lake.

Kwa hivyo ndugu Jakisumo, mpe.

NyarUyoma

Jameni mmeongea kila kitu mkaacha kile kiko mbele ya macho. Jakisumo, dani yako alikuwa mtu wa wapi kabla ya kuolewa Seme?

Nauliza juu sisi wanawake wa Kijaluo tukiolewa jina la kwanza tunalopewa kwa boma jipya ni mahali tulipotoka. Mimi nimeolewa Nyakach na hakuna mtu kule ananiita jina langu, ni Nyar Uyoma, yaani binti wa Uyoma, hata simu ya mama mkwe imeniandika hivyo. Mke mwenzangu ni Nyaalego. Kuna Nyasakwa, kuna Nyar Ugenya, kuna Nyakano. Ukisimama kwa matanga ukaite hayo majina unaona ramani yote ya Nyanza imesimama inaosha sufuria. Na jina hilo linaweza kupewa mtoto, nimeona wasichana wameandikwa Nyasakwa kwa kitambulisho juu ni jina la dani yao.

Wazungu walimpa mtoto mmoja mji aliozaliwa mkaona ni ajabu. Sisi ni desturi.

Jakisumo

NyarUyoma, nimeweka simu chini nikatoka nje kidogo baada ya kusoma hio.

Dani alitoka Gem. Watu wote wa kijiji walikuwa wanamwita Nyagem. Kwara alikuwa anamwita Nyagem, na kwara alipofariki, dani aliendelea kuitwa Nyagem na watu ambao hawakuwa wamezaliwa wakati anaolewa. Fulorensi ilikuwa ya kanisani, na ya sisi wajukuu tukitaka kumchekesha. Kwa hivyo mama huyu alibeba sehemu mbili maisha yake yote. Moja alitembea kutoka huko kwa mguu siku moja na godoro kichwani kwa mtu, nyingine hakuiona hata kwa picha. Na aliitika zote mbili. Nilikuwa nimelijua hilo bila kulijua.

Sasa acha niwaambie kitu kimoja juu ya hilo jina, juu WaSection58 amesema la guka na mimi limenitoka.

Dani alikuwa na Muma Maler, ile Biblia ya Kijaluo, jalada jeusi limechakaa kwa kona. Ndani yake ndiko alikuwa anaweka makaratasi yote. Kuna kadi yake ya ubatizo, ya rangi ya maziwa yaliyokaa, imekunjwa mara nne mpaka kwa mikunjo imetoboka, na kwa wino wa bluu mwalimu ameandika Fulorensi, vile alivyosikia. Alafu kitambulisho, huko karani ameandika Florance, na A hapo katikati. Alafu makaratasi ya kwara ya kazi, kwa mahali pa mke, imeandikwa Florence. Mtu mmoja, majina matatu, na yote ni yeye.

Kwara alipokufa dani akaenda kufuatilia pesa za marehemu. Ofisi ikamwambia majina hayalingani. Akaapa hati ya kiapo kwa wakili, akarudi, wakasema hio hati haina muhuri fulani. Akarudi tena, wakasema faili iko Nairobi. Alienda Nairobi na basi la usiku mara tatu, mara ya pili nilienda naye nikiwa kidato cha kwanza. Tulikaa kwa benchi kutoka asubuhi. Kijana wa kaunta alimuuliza, "Mama, wewe ni nani kati ya hawa?" Dani akamwangalia, akasema kwa Kiswahili chake, "Mimi ni hawa wote." Kijana akarudisha makaratasi. Ilichukua miezi 14. Herufi moja, jameni, A mahali pa E. Na ile pesa ilipotoka aliniongezea karo ya muhula wa tatu, iliyobaki akanunua mabati ya jikoni.

Kwa hivyo shemeji aliponiuliza kuhusu Italia, mimi nilikuwa naona hilo benchi.

ChepKapsabet

Pole sana kwa hio, na ni shida ya wazee wengi. Kogo (nyanya) wangu mpaka leo tarehe yake ya kuzaliwa ni ya kwanza Januari juu karani alichoka kuuliza.

Nilitaka tu kuongeza, wasichana wenu wasione ni jina la wazee peke yake. Florence Kiplagat wa kwetu alikuwa bingwa wa dunia wa nyika 2009 kule Amman, 2010 akawa bingwa wa dunia wa nusu marathoni, Berlin akashinda 2011 na 2013, Chicago 2015 na 2016, na huko Barcelona aliweka rekodi ya dunia ya nusu marathoni 2014 akaivunja yeye mwenyewe mwaka uliofuata, saa moja dakika tano na sekunde tisa. Na ile rekodi ya mita mia ya wanawake, sekunde 10.49, iliyowekwa 1988, ni ya Florence Griffith Joyner wa Marekani. Hapo ni jina lenye miguu.

BintiMumias

Mimi nimelia kwa "mimi ni hawa wote". Kukhu wetu naye aliandikwa Florens, bila kitu mwisho, na mwanawe aliandika Florence kwa kaburi.

Swali dogo, mtatumia tahajia gani? Fulorensi inapendeza masikioni.

NesiWaUsiku

Na hata kwa ukweli wa lugha Fulorensi haina kosa. Kama Warumi walisema Florentia, na Waitaliano wakasema Firenze, na Wafaransa na Waingereza wakasema Florence, kila mtu aliligeuza kwa mdomo wake. Yule mwalimu wa dini wa Maseno alifanya kilichofanywa na kila mtu kabla yake. Lakini kwa fomu nakushauri uandike ile itakayolingana kila mahali, kwa sababu ya makaunta. Nyumbani mwite vile mnapenda.

Omwami_Shinyalu

Jakisumo, nimefuata uzi wote. La Port Florence sirudi nyuma, libaki kwa vitabu. Lakini la dani yako nimekubali, juu hilo si mzungu alimpa mtoto, ni dani amempa. Mtu akishabeba jina miaka yote hio, akalililia kwa benchi, ni lake. Naomba kitu kimoja, muongeze la upande wa mama, ili huyo shemeji wako naye apate mahali pa kushika.

Jakisumo

Wakuu narudi na majibu, samahani nimekaa siku nne bila kuandika, mtoto alikuwa na mafua kidogo lakini yameisha.

Juzi jioni nilimpigia shemeji nikamwambia aje tena. Alipofika nilimsomea huu uzi wote kutoka kwa simu yangu, kila posti, mke wangu akiwa ananyonyesha hapo kando. Alinyamaza muda mrefu kwa ile ya Sharon na Lidia, juu binti yake wa kwanza ni Sharon. Alafu akauliza kama anaweza kuona hio kadi ya ubatizo. Nikatoa Muma Maler, akaishika na vidole viwili kwa kona, akaipeleka karibu na taa, akasoma kwa sauti. Fulorensi. Akasema guku (nyanya) yao naye alikuwa na kadi kama hio, mwandiko wa aina hio hio, lakini mchwa waliila.

Tumekubaliana. Florence ni la dani, na la pili ni Vugutsa, la mama yake mke wangu, kama Omwami alivyosema. Waya yangu naye amekataa kuachwa nyuma, tayari anamwita Nyagem. Nikamwambia mtoto hajaolewa na wala hajatoka Gem, akanijibu, "Aliyerudi alitoka wapi?"

Leo asubuhi nilienda kuandikisha. Karani alikuwa mama mpole, akaniambia nitaje jina aandike. Nikamuomba kama anaweza kunipa kalamu niandike mwenyewe. Akanigeuzia fomu. Niliandika kwa herufi kubwa, moja moja, nikafika kwa ile E ya katikati nikasimama nikaangalia tena kadi na makaratasi ya kwara niliyokuwa nimebeba kwa bahasha, ndio nikaendelea. Watu watatu walikuwa nyuma yangu kwa laini na hakuna aliyenisukuma. Karani akasoma, akauliza, "Ni ya nyanya?" Nikamwambia ndiyo. Akagonga muhuri.

Saa hii amelala. Mvua inapiga mabati na bado amelala.